Royalty si Loyalty: Tujue Maneno, Tujue Haki Yetu

Ndugu wasomaji, wachimbaji wa shaba, makarani, mama wa soko, wenye maduka na ninyi nyote wakaaji wa Lubumbashi, Kipushi na Likasi!

Leo tunataka kusema nanyi juu ya maneno mawili ya Kingereza. Msishangae. Mtu atauliza: gazeti la chama cha uhuru lina kazi gani na Kingereza, wakati sisi tumelelewa kwa Kiswahili na kusomeshwa kwa Kifaransa? Jibu ni hili. Shaba inatoka katika udongo wetu, lakini hesabu zake nyingi zinasomwa kwa Kingereza, kwa kuwa wengi wa wenye hisa wako mbali, katika miji kama London, Toronto na Johannesburg. Mkataba unatiwa sahihi hapa kwa Kifaransa, kiisha habari zake zinaandikwa kwa Kingereza kwa ajili ya watu wa huko. Na tukivuka mpaka pale Kasumbalesa, ndugu zetu wa Zambia wanabishana juu ya madini yao kwa Kingereza. Maneno hayo yanaingia mjini kwetu pamoja na malori. Afazali tuyafahamu.

Neno la kwanza ni royalty. La pili ni loyalty. Tofauti ni herufi moja tu, ile ya mwanzo. Nasi tunajua taabu ya herufi hizo mbili. Lugha za wazee wetu wengi, kama Kibemba na Kiluba, hazina sauti ya r, na mtu aliyekua nazo akisema Kiswahili mara nyingi r yake inageuka l. Watu wanacheka, mambo yanaisha. Lakini siku nyingine maana inapotea. Kupiga kura si kula, hata kama wako wakubwa wanaopenda tusione tofauti. Mahari si mahali. Vivyo hivyo royalty si loyalty, na mwenye kuyachanganya hayo mawili anapoteza feza.

Tuanze na maana. Loyalty ni uaminifu. Ni mtu kushikamana na mwenzake, na kazi yake, na inchi yake, hata siku mbaya. Ni jambo la moyo. Halipimwi kwa mizani, wala haliwekwi benki. Royalty ni malipo. Ni sehemu ya bei ya madini ambayo mwenye kuchimba anapaswa kumpa mwenye udongo kila mara madini yanapouzwa, awe amepata faida mwaka huo au hakupata. Ndugu zetu wa pwani wanaita mrabaha. Sisi hapa Katanga, kwa mazoea ya Kifaransa, tunaita redevansi. Kwa hiyo ukisikia royalty katika habari za madini, usifikiri moyo. Fikiri mizani, bei na risiti.

Maneno yote mawili Waingereza waliyapata kwa Wafaransa wa zamani. Royalty limetoka katika neno la mfalme, kwa kuwa katika inchi zile zahabu na feza za chini ya ardhi zilihesabiwa kuwa mali ya mfalme, na aliyetaka kuchimba alimlipa yeye kwanza. Loyalty limetoka katika neno la sheria. Mtu mwaminifu, kwa asili ya neno lenyewe, ni mtu wa kufuata sheria. Wanafunzi wetu wajihazari tena na mtego wa tatu: Kifaransa kina neno royauté, lakini maana yake ni ufalme tu, si malipo ya madini. Mtoto aliyesoma Kifaransa vizuri anaweza kusoma karatasi ya Kingereza, akaona royalty, akafikiri ni habari za viti vya enzi. Apite mbio, kumbe pale ndipo penye feza.

Sasa tuone namna maneno haya yalivyocheza na wazee wetu. Tuvuke mpaka kidogo.

Mwaka 1890 Lewanika, mfalme wa Walozi, aliogopa adui waliomzunguka, akataka kinga ya Malkia Victoria wa Uingereza. Akaja Frank Lochner, mjumbe wa British South Africa Company, kompani ya Cecil Rhodes. Tarehe 27 Juni 1890 Lewanika akatia alama yake katika karatasi. Yeye alifikiri amefunga urafiki na Malkia, mfalme kwa mfalme. Kumbe alikuwa amewapa wafanya biashara haki ya madini ya inchi yake, kwa ahadi ya pauni 2,000 kwa mwaka. Alipofahamu, alilalamika, lakini karatasi ilikwisha kwenda London. Yeye alitoa uaminifu. Wao walichukua mrabaha.

Mambo hayakuishia hapo. Kwa karatasi ile, pamoja na nyingine zilizokusanywa kwa machifu, kompani ilidai haki ya madini hata huko Copperbelt, mbali sana na makao ya Lewanika. Mwaka 1924 serikali ya Uingereza ilitwaa utawala wa Northern Rhodesia, lakini haki ya madini ikabaki kwa kompani. Shaba ya Nkana, Nchanga, Mufulira na Roan Antelope ikachimbwa na watu wetu, wengine ni wajomba na babu zetu waliovuka kutafuta kazi, na katika kila tani kompani ikatwaa royalty bila kuchimba shimo hata moja. Mwaka 1950 ilikubali kuiachia serikali sehemu ya 20 kwa mia, kwa sharti kwamba iliyobaki iendelee kuila mpaka mwaka 1986. Viongozi wa uhuru wa Zambia hawakukubali kungoja. Walisema: karatasi hizi zilikosa haki tangu mwanzo. Mwisho wa ubishi, uhuru ulipofika tarehe 24 Oktoba 1964, kompani iliachia haki hiyo kwa pauni milioni 4, nusu ikatolewa na Uingereza, nusu na Zambia. Bendera mpya bila royalty ingekuwa kitambaa tu.

Turudi kwetu. Mwezi wa Novemba 1890 Alfred Sharpe alifika Bunkeya kwa Msiri, akiwa na karatasi ya kompani ileile ya Rhodes. Msiri alielezwa yaliyoandikwa ndani, akakataa. Hatusemi kwamba Msiri alikuwa malaika. Wengi wa wazee wetu waliumia chini ya utawala wake. Lakini alikuwa mtu wa kupokea ushuru wa pembe na wa shaba, na hakuhitaji kufundishwa kwamba mwenye udongo ndiye anayelipwa. Mwaka uliofuata wakaja wengine, watu wa mfalme Léopold wa Ubelgiji, wakiongozwa na Stairs. Hao hawakubishana sana juu ya maneno. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi.

Baada ya hapo sisi wa Katanga tulifundishwa neno moja tu kati ya yale mawili. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ilitoka katika viwanda vya Lubumbashi. Mchimbaji alipewa nyumba ya kambi, posho ya juma, hospitali, shule ya watoto na mpira wa Jumapili. Vitu hivyo vilikuwa vizuri, na wazee wetu hawakuvisahau. Lakini bei yake ilikuwa utii. Usiulize shaba inauzwa ngapi. Usiulize nani anagawana. Desemba 1941, wakati wa vita kuu, vitu vilipanda bei na mishahara haikutosha. Wachimbaji wakagoma wakiomba nyongeza. Tarehe 9 askari waliupiga risasi umati uliokusanyika katika kiwanja cha mpira hapa Elisabethville. Karani Léonard Mpoyi, aliyesema kwa ajili ya wenzake, aliuawa, na watu wengi pamoja naye. Walikuwa watu wa kazi waliouliza hesabu, na kuuliza hesabu kulihesabiwa kuwa kukosa utii.

Mwaka 1948 ikaletwa kadi ya sifa kwa mtu mweusi aliyeonekana ameendelea na mwenye mwenendo mzuri. Tazameni: kwa uaminifu kulikuwa na kadi. Kwa udongo hakukuwa na risiti.

Na baada ya uhuru wa 30 Juni 1960? Tuseme kweli, hata ikiuma. Union Minière ilitwaliwa na serikali mwaka 1967, kiisha ikazaliwa Gécamines. Tulisema: sasa kompani ni mama yetu. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Watu wa kazi walishikamana nayo hata ilipoanza kuanguka, hata walipokaa miezi mingi bila mshahara. Mwaka 2003 zaidi ya 10,000 kati yao walitiwa katika mpango wa kuondoka kwa hiari, kwa feza zilizotoka Banki ya Dunia. Wengi walikuwa wametumika miaka 20 na 30. Uaminifu wao ulikuwa mkubwa kuliko ule wa chama chochote cha siasa, lakini uaminifu hauna kifungu cha sheria cha kudai malipo. Royalty inacho. Ndiyo sababu ya makala hii.

Tusome basi sheria, kwa kuwa iko. Sheria ya madini ya mwaka 2002 iliweka redevansi ya shaba kuwa 2 kwa mia, tena baada ya kutoa kwanza gharama za safari, za kupima, za bima na za biashara. Sheria hiyo ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018. Sasa shaba inalipa 3.5 kwa mia, nayo inahesabiwa juu ya thamani nzima ya madini. Kobalti ilitiwa katika madini ya namna ya pekee mwishoni mwa mwaka huohuo, nayo inalipa 10 kwa mia.

Mgawanyo wake ni huu. Nusu inakwenda kwa serikali kuu. Sehemu ya 25 kwa mia inakwenda kwa jimbo. Sehemu ya 15 kwa mia ni ya wenyeji wa mahali penye mgodi, yaani komini, sekta au utawala wa sultani. Iliyobaki, 10 kwa mia, inawekwa katika akiba ya watoto watakaozaliwa, kwa siku ambayo mashimo yatakuwa matupu.

Tufanye hesabu pamoja, kama shuleni. Shaba ya thamani ya dola 1,000 imetoka. Royalty ni dola 35. Serikali kuu inapata dola 17 na nusu. Jimbo linapata dola 8 na senti 75. Akiba ya watoto inapata dola 3 na nusu. Na komini yenye mgodi inapata dola 5 na senti 25. Ikiwa ni kobalti ya dola 1,000, komini inapata dola 15. Utasema ni kidogo. Basi hesabu malori yanayokupita kwa siku moja katika njia ya Kasumbalesa, kiisha useme tena kama ni kidogo.

Sikilizeni zaidi: sehemu ile ya 15 kwa mia haipaswi kuzunguka Kinshasa ndipo irudi. Sheria inaagiza mwenye mgodi ailipe katika hesabu ya benki ya wenyeji wenyewe. Tena inaagiza itumiwe kwa kazi za faida ya watu wote, kama shule, maji, njia na zahanati. Si ya mishahara ya wakubwa, si ya magari yao. Nje ya hiyo iko sehemu nyingine, senti 30 katika kila dola 100 za mauzo, ambayo kompani inapaswa kuitoa kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi. Na maahadi ya kompani kwa watu hao yanaandikwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili.

Sasa tazameni yanayotendeka. Kompani inachimba kisima. Kiisha inaitisha mkutano, ngoma zinapigwa, watoto wanaimba, wakubwa wanakata utepe. Mmoja anasimama na kusema: kompani hii inatupenda, nasi tuwe waaminifu kwake, tusisikilize wachochezi. Watu wanapiga makofi. Hakuna anayeuliza: je, kisima hiki ni zawadi, au ni deni lililolipwa? Ikiwa kimetoka katika senti 30 zile, ni deni. Ikiwa kimetoka katika sehemu ya 15 kwa mia, ni mali yetu wenyewe, na aliyepaswa kupigiwa makofi ni udongo wetu. Ikiwa ni zawadi ya kweli, tuseme asante, kwa kuwa sisi ni watu wa adabu. Lakini deni likae palepale.

Wazee wetu wanalifahamu jambo hili bila Kingereza. Mkwe akija na chumvi, na kitambaa cha mama mkwe, na chupa kwa ajili ya wajomba, anapokewa vizuri. Anakula, analala. Asubuhi wajomba wanakaa chini na kuuliza: na mahari? Mkwe hawezi kujibu kwamba anampenda sana binti na kwamba amekwisha leta chumvi. Upendo ni upendo, mahari ni mahari. Wala hakuna mjomba anayeitwa mchochezi kwa sababu ameuliza.

Wako watakaosema: mkidai sana, wenye kompani wataondoka. Maneno hayo tuliyasikia kwa nguvu mwaka 2018, sheria ilipobadilishwa; kompani kubwa zilipinga na kuonya. Je, mashimo yalifungwa? Mwaka 2022 shaba ya inchi yetu ilipita tani milioni 2. Hakuna mtu anayeacha mti wenye matunda kwa sababu mwenye shamba ameomba kikapu chake.

Wako wengine watakaosema: hata feza hizo zikilipwa, wakubwa wetu wenyewe watazila. Neno hilo ni zito kuliko la kwanza, na hatutalikwepa. Ni kweli kwamba kati ya benki na kisima mkono wa mtu unaweza kupita. Na mkono huo si lazima uwe wa mgeni. Unaweza kuwa wa burgumestre, wa sultani, wa mbunge, hata wa mwana chama aliyevaa rangi zetu. Hapa tena wanatumia neno loyalty kutufumba macho: ni ndugu yetu, ni wa kabila letu, ni wa chama chetu, tusimwaibishe. Sisi wa gazeti hili tunasema wazi: uaminifu wa namna hiyo hatuutaki. Chama cha uhuru kinachoogopa kumwuliza mtu wake hesabu kimekwisha kuuza uhuru wake. Neno loyalty, tulisema, limetoka katika sheria. Aliye mwaminifu kwetu na aonyeshe karatasi.

Basi tufanye nini? Mambo manne.

La kwanza, kila komini na kila kijiji chenye mgodi kichague watu wachache wanaojua kusoma Kifaransa, na mmoja au wawili wanaojua Kingereza. Hao wasome. Tangu mwaka 2011 serikali imeagiza mikataba ya madini itangazwe kwa watu wote, na ziko ripoti za malipo ya kompani kwa serikali ambazo kila mtu ana haki ya kuzitazama.

La pili, watu hao waende katika ofisi ya komini au kwa sultani, kwa heshima, bila matusi wala mawe, waulize maswali matatu: mwaka huu kompani imelipa ngapi katika hesabu yetu? Imetumiwa kwa kazi gani? Risiti iko wapi? Wakiambiwa warudi kesho, warudi kesho.

La tatu, katika mkutano wowote ambapo neno la Kingereza linatajwa, mtu asione haya kuinua mkono na kusema: baba, lirudie polepole, ni r au ni l? Wasomi wasimcheke. Lewanika hakuwa mjinga; alikosa tu mtu wa kumwambia karatasi inasema nini.

La nne ni la ninyi wachimbaji. Ninyi mnajua zaidi yetu ni tani ngapi zinatoka. Hatuwaambii mwibe siri za kazi, wala mwache kazi. Fanyeni kazi yenu vizuri. Huo ndio uaminifu wenu, na hakuna anayeweza kuwalaumu. Lakini jioni, mkirudi nyumbani Ruashi, Katuba au Kenya, wafundisheni bibi zenu na watoto wenu maneno haya mawili, mpaka yasichanganyike tena katika kinywa cha mtu.

Tuwe waaminifu kwa inchi, kwa sheria na kwa wenzetu. Na mwenye kuchimba alipe.

Uhuru na kazi!